Sura ya Saba: Dakika Mbili na Nusu

Katika miaka ya 1840 kila kampuni ya reli Uingereza ilitaka kufikisha treni zake katikati ya London. Michoro ilimiminika bungeni, na kila mchoro ulikuwa na mitaa ya kuvunja na watu wa kuhamisha. Mwaka 1846 serikali iliunda tume ya kifalme kulitazama jambo hilo, na tume ikapendekeza kwamba kaskazini mwa mto Thames reli zisiruhusiwe kupenya hadi kitovu cha mji. Ziishie pembezoni, abiria wajitafutie namna ya kumalizia safari.

London bado inalipa deni la pendekezo hilo. Tazama ramani: Paddington, Euston, St Pancras na King's Cross zimejipanga ukingoni mwa mji wa kale, kila moja ikiwa mwisho wa reli. Kusini mwa mto ziko Waterloo na London Bridge. Aliyetoka Peterborough kwenda Brighton alishuka King's Cross, akavuka mji na mizigo yake, akaanza safari upya upande wa pili. Reli ya kwanza ya abiria chini ya ardhi duniani, iliyofunguliwa Januari 1863 kati ya Paddington na Farringdon, ilizaliwa na adha hiyo.

Mwulize abiria aliyekwama ndani ya treni nje kidogo ya stesheni kubwa kwa nini haendi. Atakwambia treni ni nyingi kuliko reli. Kwa kawaida anakosea, ingawa hakuna atakayemlaumu. Reli yenyewe, ukiisimamia mahali popote kati ya stesheni mbili, iko tupu muda mwingi. Vinavyojaa ni vitu viwili tu: majukwaa, na mahali ambapo njia hukutana. Kupitisha treni katika mji uliosongamana ni kazi ya kugawa dakika za vitu hivyo viwili, na yeyote anayeahidi treni zaidi bila kuvigusa anawadanganya wapiga kura.

Tuanze na majukwaa. Stesheni ya mwisho wa reli ina kasoro ya kimaumbile: treni inaingia kwa mlango mmoja, na kwa mlango huo huo lazima itoke. Majukwaa yakiwa 15, mahali fulani nje ya stesheni njia zote hizo zinabanwa hadi kubaki chache, na treni inayotoka upande mmoja hukata mbele ya inayoingia upande mwingine. Kila mkato unafunga njia kwa wengine. Juu ya hayo, treni ikishaingia hukaa. Abiria wanashuka, dereva anatembea kutoka kichwa cha mbele hadi cha nyuma, takataka zinaokotwa, abiria wapya wanapanda. Robo saa imekwisha na jukwaa limehudumia treni moja. Jukwaa la kupitia, ambalo treni huingilia huku na kutokea kule, lingekuwa limepokea treni nne au tano.

Ndiyo maana London Bridge, stesheni iliyofunguliwa mwaka 1836, ilipojengwa upya karne hii haikuongezwa hata jukwaa moja. Yalikuwa 15, yakabaki 15. Kilichobadilika ni mgawanyo: zamani 9 yalikuwa ya kuishia na 6 ya kupitia, sasa 6 ni ya kuishia na 9 ya kupitia. Kwa mabadiliko hayo ya tarakimu mbili, treni za Charing Cross zilipita hapo bila kusimama tangu Januari 2015 hadi Agosti 2016, kisha ikawa zamu ya treni za Cannon Street kupita bila kusimama hadi Januari 2018. Wasafiri walilalamika sana, na walikuwa na haki. Lakini hakuna namna ya kujenga stesheni hiyo upya huku kila treni ikisimama.

Sasa njia zenyewe. Dereva wa treni hana usukani. Anaweza kwenda, kupunguza mwendo na kusimama, basi. Kushoto au kulia huamuliwa na pointi, yaani zile ndimi za reli zinazosogea na kuigeuza treni kwenye njia nyingine, na anayeziamuru anaweza kuwa mbali kabisa. Treni zinazopita katikati ya London kwenye reli ya Thameslink, ambayo sura hii inaifuata, huongozwa kutoka Three Bridges, kitongoji huko Sussex karibu na uwanja wa ndege wa Gatwick. Huko hakuna dirisha la kuchungulia reli. Kuna meza, na juu ya meza viwambo vyenye mistari, na kwenye mistari alama nne nne zinazotambaa: tarakimu, herufi, tarakimu mbili. Kila kundi la alama nne ni treni. Tarakimu ya kwanza inasema ni treni ya namna gani. 1 ni ya haraka, 2 ni ya kusimama kila stesheni.

Mwongozaji akitaka treni itoke taa hii ifike taa ile, haamrishi pointi moja moja. Anaomba njia nzima. Mtambo unakagua: je, pointi zote za njia hiyo zimekaa sawa na kufungwa zisisogee? Je, kuna treni nyingine ndani yake? Je, kuna njia nyingine iliyokwisha kutolewa inayokatana na hii? Jibu likiwa baya kwa swali lolote, ombi linakataliwa na taa inabaki nyekundu, hata mwongozaji akasirike vipi. Akili hii ya kukataa ni ya zamani kuliko umeme wa reli. Mwingereza John Saxby alisajili hataza yake ya kufungamanisha pointi na taa mwaka 1856, kwa vyuma na mikono ya kuvuta. Iliwachukua wabunge miaka 33 na ajali ya Armagh huko Ireland, Juni 1889, iliyoua watu wapatao 80, wakiwemo watoto wengi waliokuwa wakienda matembezini, kabla ya kuilazimisha kwa sheria.

Siku hizi kazi ya kuomba njia hufanywa kwa kiasi kikubwa na kompyuta yenye ratiba ya siku kichwani. Treni inakaribia, kompyuta inatazama ratiba, inaomba njia, mtambo unakubali. Siku treni zote zikienda kwa saa yake, mwongozaji ana nafasi ya kunywa chai.

Lakini uhuru wa kupitisha treni popote una gharama yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 reli za kuingia Paddington zilipangwa upya ili treni iweze kutumia karibu njia yoyote, kwa upande wowote. Kwa mpanga ratiba hiyo ni neema. Kwa dereva ilimaanisha msitu wa taa juu ya vichwa vya njia nyingi, na atambue ipi ni yake. Taa moja, namba SN109, ilikuwa ngumu kuonekana na ilishapitwa ikiwa nyekundu mara kadhaa. Asubuhi ya 5 Oktoba 1999, dereva mgeni wa kazi akitoka Paddington aliipita, akakutana uso kwa uso na treni ya haraka pale Ladbroke Grove. Watu 31 walikufa, yeye pamoja nao. Uchunguzi wa Lord Cullen haukuishia kwa dereva. Uliwageukia waliopanga taa zile, na waliozifahamu hitilafu zake wakanyamaza.

Turudi kwenye deni la 1846. Chini ya mji, kati ya Farringdon na mto, kulikuwa na handaki la Snow Hill, lililofunguliwa 1866 na kubeba abiria hadi 1916, kisha mizigo kwa miongo kadhaa zaidi, kisha likaachwa. Lilikuwa uzi pekee wa reli kuu unaounganisha kaskazini na kusini kupitia katikati ya mji. Mei 1988 likarudishiwa treni za abiria, na Thameslink ikazaliwa: Bedford upande mmoja, Brighton upande wa pili, bila kushuka. Wazo lilipendwa kupita kiasi. Treni zikajaa, na mpango mkubwa ukaandaliwa wa kupitisha treni 24 kwa saa kila upande katika njia mbili tu za katikati.

Treni 24 kwa saa ni treni moja kila dakika mbili na nusu. Zikokotoe. Treni ya mabehewa 12 ina urefu wa mita 240 na ushee, na abiria wakijazana hubeba zaidi ya watu 1,500. Isimame jukwaani kama dakika moja. Inabaki dakika moja na nusu kwa mkia wake kuondoka, taa kubadilika, na treni inayofuata kusogea hadi isimame sawasawa. Mtu mmoja akizuia mlango kwa begi lake ili rafiki yake apande, amekula sehemu ya muda wa treni tatu zilizo nyuma. Dereva binadamu, hata hodari, hufunga breki mapema kidogo au akachelewa kidogo, na hizo kidogo zikijumlishwa 24 hazitoshi ndani ya saa. Kwa hiyo katikati ya London kompyuta ndiyo inayoendesha na kusimamisha treni, dereva akiwa kitini anafungua milango na kulinda usalama. Treni ya kwanza ya abiria kwenda namna hiyo kwenye reli kuu ilipita mwaka 2018.

Mambo mengine ya njia hii ni ya kushangaza. Kaskazini treni hula umeme wa volti 25,000 kutoka waya wa juu. Kusini hula volti 750 kutoka reli ya tatu iliyolala pembeni chini. Treni hubadilisha chakula chake ikiwa imesimama katika eneo la Farringdon na City Thameslink, mbele ya abiria ambao wengi hawajui. Na ili majukwaa ya Farringdon yarefushwe kwa treni za mabehewa 12, tawi la reli la kwenda Moorgate, lililochepuka pale pale jukwaa linapoishia, lilikatwa na kufungwa Machi 2009. Stesheni za tawi hilo zilipoteza treni hizo ili nyingine zipate ndefu. Treni za Peterborough na Cambridge ziliingizwa kupitia mahandaki mawili mafupi karibu na King's Cross, ambayo yalichimbwa miaka ya 2000 yakakaa bila abiria hadi 2018.

Mahali ninapopendekeza msomaji asimame, siku akifika London, ni Blackfriars. Majukwaa yake yako juu ya mto wenyewe. Unaingilia ukingo mmoja na unaweza kutokea mwingine. Simama mwisho wa kusini utazame njia. Hapo reli inagawanyika: mashariki inakwenda London Bridge, na moja kwa moja inakwenda Elephant and Castle. Uingereza treni hupita kushoto kama magari. Inayotoka kaskazini kwenda London Bridge inachepuka kushoto kwa raha, haimsumbui mtu. Inayokuja kutoka London Bridge ndiyo tatizo: ili ifike upande wake lazima ikate njia ya ile inayoshuka kwenda Elephant. Zikifika pamoja, moja inasubiri, na kusubiri huko kunasafiri nyuma hadi kwenye handaki.

Wahandisi waliliona hilo mapema. Blackfriars ilipojengwa upya waliyahamisha majukwaa ya kuishia kutoka mashariki kwenda magharibi, ili treni za karibu zinazokuja kupitia Elephant ziingie hapo, zigeuze, zirudi zilikotoka bila kugusana na za London Bridge. Ilikuwa kazi safi. Kilichofuata ni siasa. Wakazi wa Wimbledon, Sutton na vitongoji vya njiani walizoea treni zao kupita hadi kaskazini bila kubadilisha, wakasikia kwamba wataishia Blackfriars, wakawaka. Wabunge wao wakawaunga mkono. Mwanzoni mwa 2013 serikali ikakubali treni hizo ziendelee kupita. Kwa abiria wa Sutton ulikuwa ushindi. Kwa mwongozaji ilikuwa treni kadhaa zaidi kila saa za kupanga katika mkato ule ule, na nyingine zikitokea kwenye mzunguko wa Sutton ambao kipande chake ni cha reli moja. Mimi nawaelewa wakazi, lakini naona wahandisi walikuwa sahihi.

Kusini mwa hapo dawa ilikuwa zege. Treni za Charing Cross na za Thameslink zilikuwa zikigombea njia mbili juu ya soko la Borough, kipande kifupi kilichoibana nusu ya kusini mashariki ya Uingereza. Daraja jipya likapitishwa juu ya soko, likapewa treni za Charing Cross, na njia za zamani zikaachiwa Thameslink. Mbele zaidi, Bermondsey, matao ya matofali ya enzi ya Victoria yalivunjwa ili treni za Kent zinazokwenda Charing Cross zipite chini, na za Thameslink zipite juu. Aliyekaa foleni ya Ubungo, Dar es Salaam, kabla na baada ya daraja la Kijazi hahitaji kuelezwa faida yake: magari ni yale yale, ila hayasubiriani tena. Mikato iliyotatuliwa Bermondsey haikuongeza treni yoyote kwa yenyewe. Iliondoa sababu ya kuzizuia.

Basi tarehe 20 Mei 2018 zege likawa tayari, handaki tayari, treni mpya tayari, na ratiba mpya ikaanza. Ikaporomoka. Kwa wiki nyingi treni zilifutwa kwa mamia, stesheni zikawa na mbao za matangazo ambazo hakuna aliyeziamini. Chanzo kilianzia mbali sana, kaskazini magharibi mwa Uingereza, ambako mradi wa umeme wa reli ulichelewa na kulazimu ratiba za huko kuandikwa upya dakika za mwisho. Waandishi wa ratiba ni wale wale kwa nchi nzima. Ratiba ya Thameslink ikachelewa kutoka, na dereva hawezi kupangiwa zamu bila ratiba, wala kuendesha katika njia ambayo hajaisomea. Kila dereva lazima aifahamu njia taa kwa taa, kona kwa kona, kabla ya kuruhusiwa kupita peke yake. Cambridge hadi Brighton ni njia ndefu kujifunza. Treni zilikuwepo, njia ilikuwepo, madereva walikuwepo. Waliokosekana ni madereva waliosomea njia husika, mahali husika, saa husika. Mkuu wa kampuni iliyoendesha Thameslink alijiuzulu Juni. Profesa Stephen Glaister, aliyeongoza uchunguzi, aliona kwamba katika taasisi zote zilizohusika hakuna hata moja iliyoshika usukani wa jambo zima.

Huo ndio ubaya wa kuunganisha. Zamani treni ikichelewa Brighton, ilichelewa London Bridge, basi. Sasa ng'ombe akikanyaga reli karibu na Cambridge, mtu wa Croydon anachelewa kazini. Treni inayofika mlangoni mwa handaki ikiwa nyuma kwa dakika nne imekwisha kupoteza nafasi yake, na nafasi ya jirani ina mwenyewe. Mwongozaji ana sekunde za kuchagua. Aipitishe iliyochelewa kwanza, kwa kuwa imefika kwanza, na kuchelewesha iliyo sawa? Au aishikilie, na kuwaadhibu zaidi ambao wameshaadhibiwa? Shule ya zamani inasema aliye sahihi asiadhibiwe. Katika handaki lenye dakika mbili na nusu kanuni hiyo ina nguvu, kwa sababu mchelewaji mmoja akiachwa aingie vibaya huzaa wachelewaji sita. Ndiyo maana utasikia tangazo kwamba treni yako itaishia Blackfriars, au itaruka stesheni tatu, au itapita Herne Hill badala ya London Bridge. Kwako ni uonevu. Kule mezani ni njia ya kuwanusuru waliobaki.

Dar es Salaam inaijua shida hii kwa upande mwingine. Treni ya mjini iliyoanza Oktoba 2012, ambayo watu waliibatiza treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, ilikuta reli moja ya kwenda na kurudi. Hapo hakuna suala la kukatana makutanoni tu. Treni mbili zinazoelekeana zinaweza kupishana mahali maalumu peke yake, na inayofika kwanza hukaa kuingoja nyingine. Ukitaka kujua kwa nini haiji kila dakika 10, tafuta njia za kupishana ziko wapi, kisha uhesabu dakika kati yao.

Nako London kazi haijaisha. Ukishatatua mkato mmoja, foleni huhamia kwenye unaofuata, na unaofuata uko kaskazini mwa East Croydon. Karibu kila treni ya Brighton, iwe inakwenda Victoria, London Bridge au Thameslink, inapita majukwaa sita ya stesheni hiyo, kisha inaingia kwenye fundo la njia la Selhurst ambako bado zinakatana usawa mmoja. Mhandisi yeyote wa reli hiyo atakwambia kwamba hapo ndipo chanzo cha ucheleweshaji mwingi wa upande wa kusini. Network Rail, inayomiliki reli, ilichora mpango wa madaraja ya kutenganisha njia na kuongeza majukwaa hadi manane. Michoro ipo na maoni ya wananchi yalikusanywa. Janga la UVIKO-19 lilipopunguza abiria, fedha zikaondolewa, na mpango ukawekwa kabatini.